Safari ya Jumamosi na Mashine ya Sakafu

Ukitaka kufika kwetu Ukonga, panda daladala ya Gongo la Mboto pale Kariakoo, kisha utulie. Gari litafuata Barabara ya Nyerere, ile ambayo wazee wetu hadi leo wanaiita Barabara ya Pugu. Litapita Tazara, Vingunguti na Kipawa, litapita uwanja wa ndege, kisha Banana penye njia ya kwenda Kitunda. Ukishaliona Gereza la Ukonga anza kujiandaa, kwa maana kituo chetu kinaitwa Mombasa. Shangazi mmoja wa ukoo wetu, alipokuja kutoka Korogwe kwa mara ya kwanza na kuambiwa kwamba atashushwa Mombasa, alimjibu kondakta kwa ukali kuwa yeye hana pasi ya kusafiria, na gari zima likaangua kicheko. Shangazi hakucheka. Basi ukishuka hapo, uliza nyumba ya mashine za sakafu. Hata watoto wanaijua.

Kabla hujafika utakuwa umekwisha jaza viatu mchanga. Udongo wetu ni wa kichanga, na siku za ujenzi wa barabara ya mabasi yaendayo haraka kuelekea Gongo la Mboto vumbi lilitufuata hadi kabatini, ndani ya vikombe. Mama yeyote wa Ukonga anaijua kazi ya kufagia mara tatu kwa siku. Wengi hawajui tu kwamba mchanga huo mdogo ndio msasa unaoondoa mng'aro wa sakafu, kila mguu unapoukanyaga na kuuburuta. Ndiyo maana tunawaambia wateja wetu kuwa kitu cha kwanza kununua ni kizulia cha kupangusia miguu mlangoni, hata kabla ya kutuita sisi. Baba watoto anasema ushauri huo utatufukarisha.

Nyumba yetu ina vyumba vinne, nayo ilijengwa kidogo kidogo tangu mwaka 1994, kama zilivyo nyumba nyingi za huku: chumba kimoja mwaka huu, bati za chumba kingine mwaka unaofuata. Majirani zetu ni askari magereza, wanajeshi, walimu, na watu waliofanya kazi katika viwanda vya Barabara ya Pugu enzi viwanda hivyo vilipokuwa vinavuma. Ukutani, upande wa mashariki, utaona ufa mrefu. Tunauhesabu kuwa ni wa usiku wa tarehe 16 Februari 2011, mabomu ya ghala la jeshi la Gongo la Mboto yalipolipuka na watu zaidi ya 20 wakapoteza maisha. Usiku ule tulikimbia kwa miguu kuelekea mjini, watoto mgongoni, na hakuna aliyekumbuka mashine. Uani, chini ya mwembe, ndipo penye karakana. Asubuhi utasikia msumeno na utanusa mkonge uliolowekwa. Utawakuta pia akina mama watano mkekani, wakipitisha vifungu vya nyuzi katika matundu ya ubao wa duara.

Mambo haya yote yalianza kwa magoti ya Bibi. Bibi tunayemsema ni mama mzaa baba watoto, ambaye sote nyumbani tunamwita hivyo. Alikuwa mfanyakazi wa usafi katika hospitali moja mjini kwa miaka 19. Enzi zake sakafu ya saruji ilisuguliwa kwa kumbi la nazi na maji ya sabuni, mtu akiwa amepiga magoti, akirudi nyuma hatua kwa hatua tangu mwisho wa ukumbi hadi mlangoni. Kisha ilipakwa polishi nyekundu, ikaachwa ikauke kidogo, na kusuguliwa tena kwa kitambaa kikavu hadi uone kivuli chako. Mbele ya goti la binadamu kuna kifuko kidogo cha majimaji kinachosaidia ngozi iteleze juu ya mfupa. Mtu akipiga magoti juu ya sakafu ngumu miaka na miaka, kifuko hicho huvimba na kuuma. Waingereza waliuita ugonjwa huo kwa jina la watumishi wa kike wa majumbani, kwa kuwa ndio waliokuwa wakiugua zaidi. Bibi hakuwa na jina la ugonjwa wake. Alikuwa anapaka mafuta ya karafuu na kufunga kitambaa.

Mwaka 1997 baba watoto, aliyekuwa fundi umeme kiwandani, alipunguzwa kazi pamoja na wenzake wengi. Alirudi nyumbani na kibegi cha spana na mota mbili mbovu alizoruhusiwa kuondoka nazo. Alikaa kimya kama wiki tatu. Wengi wenu mnaijua hali hiyo ya mwanamume kukaa kimya nyumbani mchana, hatuna haja ya kuieleza. Siku moja akamwona mama yake anainuka kutoka kitini kwa kushika ukuta. Jioni ile ile akaanza kufungua mota.

Mashine ya kusugulia sakafu si kitu cha ajabu ukiielewa. Mota ya umeme wa nyumbani huzunguka kiasi cha mara 1,400 kwa dakika, na brashi ikizunguka kwa kasi hiyo itarusha maji hadi darini. Inatakiwa kati ya mara 150 na 200. Basi unatafuta puli: ndogo ya inchi 2 inavuta kubwa ya inchi 6 kwa mkanda, kasi inapungua mara tatu. Unarudia tena hatua hiyo, inapungua mara tatu nyingine, unabakiwa na kama 155. Puli na mikanda tulinunua Gerezani, karibu na Kariakoo, kwa mafundi wanaouza vyuma vya mashine zilizokufa. Brashi ni ubao wa mvule wa inchi 16, kwa sababu mvule hauogopi maji, wenye matundu zaidi ya mia. Juu ya mota tunafunga uzito wa chuma ili brashi ikandamize sakafu. Nyuma kuna mpini mrefu wenye swichi, na magurudumu mawili ya kusafiria.

Kuhusu nyuzi za brashi tulihangaika. Plastiki ngumu ilichora sakafu, makumbi ya nazi yalikatika upesi. Mkonge ndio uliotufaa: ukiwa mkavu ni mkali, ukilowa unalegea vya kutosha, na viwandani huko duniani hutumika hata kung'arishia vyuma. Nao mkonge ni mgeni aliyekuwa mwenyeji. Mjerumani mmoja mtaalamu wa kilimo, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida mwaka 1893, na iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Shangazi yule wa Korogwe, ambaye amekulia pembeni ya mashamba ya mkonge, ndiye anayetuletea mafungu ya nyuzi hadi leo. Sasa akishuka Mombasa anashuka bila maneno.

Jaribio la kwanza lilifanyika sebuleni kwetu mwaka 1999, na ni vizuri Bibi alikuwa ameketi mbali. Swichi ilipobonyezwa mashine ilimburuta baba watoto, ikagonga kabati la vyombo, ikazunguka na kujifunga waya wake yenyewe. Vikombe sita vilivunjika. Ilichukua siku nyingi kugundua kwamba mashine ya namna hii haisukumwi. Ukiinua mpini kidogo tu inakwenda kulia, ukiushusha kidogo inakwenda kushoto, na ukiushika usawa inatulia mahali pamoja kama mtoto aliyelala. Kwa miaka yote hii tumefundisha watu wengi kuiendesha, na akina mama wanajifunza upesi kuliko wanaume. Wanaume wanashindana nayo.

Jumamosi iliyopita tulitoka nyumbani saa tisa alasiri. Mashine mbili zilipakiwa kwenye kirikuu cha kukodi, zimelazwa juu ya godoro kuukuu, pamoja na ndoo, mipira ya kusukumia maji, gambuti jozi sita, na kifaa kile cha kukata umeme ukivuja. Hicho hatuondoki bila yake. Maji na umeme havipatani, na fundi anayesugua sakafu yenye maji huku amevaa ndala na waya umechunika anacheza na maisha yake. Kila mashine yetu ina waya wa kuelekeza umeme ardhini, na kila Jumamosi kabla ya kuondoka tunapapasa waya wote kwa mkono, toka plagi hadi kwenye swichi. Kwanza tulipitia kanisani, kisha tukaendelea mjini. Twende kwa mpangilio huo.

Sakafu ya kanisa ndiyo iliyokuwa kazi yetu ya kwanza ya malipo, mwaka 2000, wiki ya mwisho kabla ya Pasaka. Ni sakafu ya terazo, yaani saruji iliyochanganywa na vipande vya mawe ya marumaru na kusagwa hadi ikawa laini. Watu walidhani ni ya kijivu. Tulipopita mara ya tatu yalitokea mawe meupe, ya kahawia na ya kijani, na mzee wa kanisa akasimama pale mlangoni akauliza kama tumeweka rangi. Nta ya mishumaa ilitusumbua zaidi ya uchafu mwingine. Tulijifunza kuikwangua kwa mwiko wa mbao, kisha kuweka karatasi ya kaki juu ya mabaki na kupitisha pasi ya moto wa wastani, karatasi ikainyonya.

Hapa tuwaombe akina mama mtusikilize kidogo, kwa kuwa tunaona sakafu nyingi zimeharibiwa na mapenzi mema. Marumaru na terazo ni jamii ya chokaa. Ukiziosha kwa siki, kwa ndimu, au kwa ile dawa kali ya kusafishia vyoo, zitatoa povu, nawe utafikiri uchafu unatoka, kumbe ni jiwe lenyewe linaliwa. Baada ya mwezi sakafu inakuwa na vishimo vidogo vinavyoshika uchafu kuliko mwanzo. Sabuni ya kawaida isiyo kali na maji kidogo vinatosha, ila hakikisha maji ya sabuni yameondolewa yote, maana sabuni iliyokauka ndiyo inayonasa vumbi. Na jambo la pili, ambalo ni la uhai: usichanganye jiki na dawa ya choo katika ndoo moja. Mchanganyiko huo unatoa hewa ya sumu inayochoma mapafu. Tulishamtoa msichana wa kazi katika choo cha nyumba moja, macho yamevimba na hawezi kupumua vizuri, naye alikuwa amechanganya ili aoshe haraka mgeni asimkute.

Baada ya kanisa watu walitaka kununua mashine. Tuliuza. Tulifurahi sana kuuza, na kwa miaka kadhaa tulidhani hiyo ndiyo biashara. Tuliuza kama kumi na moja, kwa shule za bweni na watu binafsi, na nusu zilirudi. Moja ilirudi imetumiwa bila maji hadi mkanda ukaungua. Nyingine ilirudi ndani ya gunia, vipande. Mnunuzi mmoja alifungua biashara yake ya usafi kwa mashine yetu na kutunyang'anya wateja wawili, nasi hatukuwa na la kusema maana alikuwa amelipa fedha taslimu. Tukaona ni afadhali mashine ibaki yetu tuiendeshe wenyewe, mteja alipie sakafu safi. Tunauza sasa kwa nadra sana, na anayenunua lazima alete mtu akae kwetu siku tatu ajifunze.

Wakati fulani binti yetu mkubwa alitusomea habari za mama mmoja wa Marekani, Anna Bissell, nasi tukajiona humo. Yeye na mumewe Melville walikuwa na duka la vyombo huko Grand Rapids, katika jimbo la Michigan. Maranda yaliyofungiwa vyombo yalikuwa yanaganda katika zulia la duka, hivyo Melville akabuni mashine ya kufagilia zulia, akausajili ubunifu wake mwaka 1876. Brashi zake zilitengenezwa na akina mama majumbani mwao, na Anna alikuwa akipita nyumba kwa nyumba kuzikusanya katika vikapu vya nguo. Mwaka 1884 kiwanda kiliteketea kwa moto, na Anna ndiye aliyekwenda benki kutafuta mikopo. Mwaka 1889 Melville alifariki kwa homa ya mapafu. Anna, pamoja na malezi ya watoto, akaishika kampuni na kuiongoza, na anatajwa kuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza Marekani kuongoza kampuni kubwa. Huko Ujerumani nako, Alfred Kärcher, aliyetengeneza mashine za kusafishia kwa maji ya moto yenye nguvu, alifariki mwaka 1959, na mkewe Irene akaendesha kampuni kwa miaka 30. Baba watoto alisikiliza yote mawili, akauliza kwa nini katika hadithi zenu waume wote wanakufa.

Lakini kilichotugusa ni vile vikapu. Sisi tulikuwa tunadhani kuwapa majirani kazi ya kufunga brashi uani ni jambo la Ukonga tu, la watu wasio na kiwanda. Kumbe ndivyo hata hao wakubwa walivyoanza.

Sasa tufike mjini. Jengo tunalosafisha kila Jumamosi lina ghorofa tano, na hatutalitaja. Mwaka 2012 meneja wake alituita akatuonyesha kumbi na ngazi, zote terazo. Akasema, mashine yenu moja na watu wawili mtafanya kazi ya hawa akina mama sita, basi mimi hawa nitawaaga mwisho wa mwezi. Alisema wakiwa pale pale, wameinama na matambara yao ya kudekia. Mmoja wao aliinua uso akatutazama, kisha akaendelea kupiga deki.

Tulirudi Ukonga bila kuzungumza. Tulikuwa tumekopa katika chama cha kuweka na kukopa ili kununua mota mpya tatu, na dhamana yetu ilikuwa ile barua ya mauziano ya kiwanja yenye muhuri wa serikali ya mtaa, pamoja na cherehani na friji. Mwaka uliotangulia mgawo wa umeme ulitukalisha siku nyingi bila kazi, marejesho yakachelewa. Kazi ya jengo lile ingetutoa. Lakini tulitengeneza mashine ili mtu kama Bibi asipige magoti, na sasa mashine ile ile ilikuwa inakwenda kuwanyang'anya mkate watu kama Bibi. Tulibishana usiku tatu. Mmoja wetu alisema tusipochukua sisi atachukua mwingine, na wale akina mama wataondolewa vile vile. Mwingine alisema hiyo ndiyo sababu inayotolewa na kila mtu.

Bibi alikuwa anatusikia kupitia ukuta. Asubuhi ya siku ya nne, akiwa anakunywa chai, alisema, "Magoti yangu yaliuma, ni kweli. Lakini ada zenu za shule zilitoka humo humo kwenye magoti." Hakusema tuchukue kazi wala tuiache. Alimaliza chai yake.

Tuliichukua. Tulimwomba meneja atupe wanawake watatu kati ya wale sita tuwaajiri sisi, naye alikubali mara moja kwa kuwa mshahara haukutoka kwake. Kuchagua watatu tulichagua vibaya: tuliwachukua waliokuwa wanaishi upande wetu wa mji, Banana, Kitunda na Gongo la Mboto, kwa sababu ya nauli. Wawili wa waliobaki walikuwa na watoto wadogo. Tulilijua hilo baadaye, ingawa kuuliza kungetuchukua dakika tano.

Miezi mitano ya kwanza hatukulipwa. Hundi ilikuwa kila mara mezani kwa mtu aliyesafiri. Wale watatu walitakiwa kulipwa kila mwisho wa mwezi, na mwezi wa tatu tuliuza cherehani. Yeyote kati yenu aliyewahi kuuza cherehani yake mwenyewe, aliyoinunua kwa fedha zake kabla hajaolewa, anajua namna nyumba inavyokuwa kimya siku hiyo. Friji ilinusurika. Mwezi wa sita tulilipwa yote kwa mkupuo, na deni la chama tukalimaliza mwaka uliofuata. Baba watoto alileta cherehani nyingine, ya rangi ile ile, iliyokwisha tumika. Haishoni vizuri kama ya kwanza, lakini inashona.

Basi Jumamosi iliyopita, kama Jumamosi zote, tulianzia ghorofa ya tano tukishuka. Mtu mmoja anatangulia kufagia mchanga wote, maana kusugua juu ya mchanga ni kuichuna sakafu. Wa pili anamwaga maji ya sabuni kidogo kidogo, wa tatu anapita na mashine kwa mistari inayolaliana, wa nne anasukuma maji machafu kwa mpira hadi kwenye ndoo. Maji hayo yanakuwa meusi kama kahawa. Mmoja wa wale dada watatu wa mwaka 2012 bado yuko nasi, na yeye ndiye fundi mkuu wa mashine sasa. Anaiendesha kwa mkono mmoja huku akisimulia habari za mwanawe aliyeko chuo cha ufundi. Mwingine amekuwa msimamizi katika kampuni kubwa ya usafi, na wa tatu alirudi kwao Singida. Saa nne usiku tulimaliza ngazi ya mwisho, tukasimama nje dakika chache sakafu ikauke, maana mlinzi wa jengo lile ana tabia ya kukanyaga mapema.

Tuliporudi barabara ilikuwa wazi hadi Tazara. Kwenye taa za uwanja wa ndege tulikutana na foleni ya teksi, kisha tukafika Banana tukamwomba dereva asimame.

Pale Banana, karibu na kituo, anakaa mama mmoja anayekaanga vitumbua na samaki jioni hadi usiku. Ni yeye aliyeinua uso akatutazama siku ile. Alipoondolewa alikaa miezi minane bila kazi, mwanawe wa darasa la saba akahamia kwa mjomba wake. Ameyasema hayo mwenyewe, bila hasira, siku moja mvua ilipotukuta wote chini ya mwavuli wake. Tulimwomba aje kufunga brashi kwetu, tukamwomba mara mbili. Alikataa mara mbili, akasema vitumbua havina meneja. Kwa hiyo kila Jumamosi tunanunua kwake vya watu wote, na vingine vya Bibi ambaye hutusubiri macho, ingawa tunajua kununua vitumbua siyo kulipa kitu chochote.

Alitufungia ishirini katika gazeti. Akachungulia nyuma ya kirikuu, pale mashine zilipolala juu ya godoro.

"Na hizo hazijambo?" aliuliza.

"Hazijambo mama," baba watoto alimjibu. "Moja beringi inalia."

"Itieni grisi," alisema, akaanza kutafuta chenji.

Nyumbani tulizisukuma mashine hadi sebuleni, maana uani wezi hawakosekani, na brashi tukazitundika nyuzi zikitazama chini ili maji yasiingie kwenye ubao. Bibi alikula vitumbua vitatu. Jumatatu tutafungua ile beringi.